Zawadi ya Saa na Gharama Yake

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi wakubwa wetu mliosoma hapa zamani, nawaomba radhi kabla sijaanza. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, umri wangu miaka kumi na tisa, na jambo nitakalolisema lahusu fedha zenu, si zangu. Lakini nyumbani kwetu Luzira jambo hili tumekaa nalo miaka mingi, nami naona nikinyamaza mwaka huu litampata mtu mwingine.

Habari tuliyoisikia katika mkutano wa shule ni hii. Mwalimu wetu wa Jiografia atastaafu mwisho wa mwaka, na wanafunzi wa zamani wanakusanya fedha ili wamnunulie saa ya mkono ya Uswisi, saa ya thamani kubwa. Tulipiga makofi sote. Nami nilipiga, walakini moyoni nilikumbuka kopo la majani ya chai lililo juu ya kabati la babu yangu.

Babu alifundisha Hesabu katika shule hii hii kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu mwaka 1998, wanafunzi wake wa zamani walimpa saa ya namna hiyo hiyo, na nyuma yake wakachora jina lake na miaka ya kazi yake. Babu husema hajapata kupewa kitu kizuri kama kile maishani mwake. Aliivaa kanisani, aliivaa mjini, aliivaa hata alipokwenda Port Bell kununua samaki. Majirani walikuwa wakimwuliza saa makusudi, ili wapate kuiona.

Mwaka 2007 saa ikaanza kuchelewa. Kwanza dakika tatu kwa siku, kisha robo saa, mwisho ikasimama. Babu akaipeleka katika duka moja mjini. Akaambiwa kwamba haina ubovu, yataka kufunguliwa na kusafishwa tu, kazi ambayo mafundi huiita sevisi. Akauliza bei. Akashukuru, akaitia saa mfukoni, akarudi nyumbani. Fedha zile zilipita pensheni yake ya miezi miwili.

Baadaye jirani mmoja akampeleka kwa kijana aliyekuwa akitengeneza saa karibu na stendi ya taksi ya zamani. Kijana aliifungua kwa kisu, akadondosha mafuta ya cherehani, akadai shilingi elfu kumi. Saa ikaenda miezi minne, babu akafurahi. Kisha ikasimama tena, na safari hii hata ukiitikisa haikujibu. Wahenga walisema kweli: rahisi inavunja upishi. Ndipo ikaingia katika kopo la majani ya chai.

Wanafunzi wake wa zamani huja kumwamkia wakati wa Krismasi, na hapana mwaka unaopita bila mmoja wao kuuliza, "Mwalimu, na ile saa?" Babu hujibu, "Nimeiweka mahali salama." Jibu hilo si uongo, lakini mimi niketiye kando humwona akiufunika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia. Mtu aliyetufundisha sote kusema kweli, hana budi kuzungukazunguka kwa sababu ya zawadi.

Mwaka jana nilifanya kazi wakati wa likizo nikaweka akiba ya shilingi 260,000. Nikamwomba babu anipe saa ile. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mzee, mwenye meza yake katikati ya Kampala. Alivaa kioo cha jichoni, akaifungua polepole, akaniita nitazame.

"Mwanangu," akasema, "waona unga huu mwekundu? Hicho ni chuma kilichosagika. Mafuta yalikauka, vyuma vikasuguana vikavu. Na haya mengine yanayonata ni ya cherehani. Hayakuumbwa kwa saa."

Nikamwambia, "Mzee, basi isafishe, nitalipa."

Akatikisa kichwa. Akaniambia kwamba kusafisha aweza, lakini magurudumu mawili yamekwisha, na makampuni mengi ya Uswisi hayawauzii vipuri mafundi wasio wao. Kwa hiyo sharti saa ipelekwe ng'ambo. Akanihesabia: sevisi yenyewe shilingi 1,440,000, vipuri pamoja na kuisafirisha shilingi 660,000. Jumla 2,100,000. Nikamshukuru, nikaitia saa mfukoni, nikarudi Luzira, sawasawa na alivyofanya babu.

Wenzangu wengi wadhani bei hiyo ni wizi. Mimi nilidhani hivyo pia, hata yule mzee aliponieleza. Ndani ya saa ya namna hii hamna betri. Muna kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma uliosokotwa, na mkono wa mvaaji ukitikisika, kipande kizito cha nusu duara huzunguka na kuikaza kamani hiyo. Nguvu yake hupita katika magurudumu yenye meno hata kufika kwenye gurudumu dogo la mizani, ambalo huenda huku na huku bila kupumzika. Saa nyingi za siku hizi hupiga mara 28,800 kwa saa moja. Babu alipenda tufanye hesabu wenyewe, basi tuifanye: kwa siku ni mapigo 691,200, na kwa mwaka ni 252,288,000. Hapana gari wala cherehani ifanyayo kazi hivyo bila kutazamwa.

Mahali vyuma hivyo vinapogusana pametiwa vito vidogo vyekundu na mafuta kidogo sana, pungufu ya tone. Mafuta hayo hukauka baada ya miaka kadha, hata kama saa imelala kabatini. Kwa hiyo kila baada ya muda fundi sharti aitenganishe saa yote kipande kwa kipande, aisafishe, atie mafuta mapya, abadilishe mipira izuiayo maji, kisha aiangalie siku kadha kama yaenda sawa. Kampuni ya Omega husema ifanyiwe hivyo kila miaka mitano hadi minane. Rolex husema yapata miaka kumi. (Hapa Kampala ukitamka Rolex, mwanafunzi mwenye njaa hufikiri ni chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai. Ile nayo yagharimu, lakini haitaki sevisi.) Huko Marekani sevisi ya Rolex moja huweza kufika dola mia nane na zaidi. Basi si wizi. Ni kazi ya mikono ya mtu mwenye ujuzi, na ujuzi una bei.

Nauliza basi: kama si wizi, kosa liko wapi? Kwa maoni yangu kosa liko katika hesabu tuliyoiacha nusu. Walionunua saa ya babu walihesabu bei ya dukani tu. Tufanye ile nusu ya pili. Tukichukua bei ya leo, shilingi 1,440,000 kila miaka sita, ni shilingi 240,000 kwa mwaka, au 20,000 kila mwezi. Tangu 1998 saa ile ilipaswa kusafishwa mwaka 2004, 2010, 2016 na 2022, mara nne, jumla shilingi 5,760,000. Ni kana kwamba mzee yule alipewa ng'ombe mzuri wa maziwa bila kupewa majani wala mahali pa kumchunga, tena akaambiwa maziwa asikamue, amtazame tu.

Nyumbani kwetu hesabu hiyo ina uso. Dada yangu yuko kidato cha pili, na babu ndiye amlipiaye karo, shilingi 700,000 kila muhula. Mihula mitatu ni shilingi 2,100,000. Tazameni wenyewe: kuifufua saa ni sawa kabisa na mwaka mmoja wa dada yangu shuleni. Babu hakusita hata siku moja katika kuchagua, nami simlaumu. Lakini si haki mtu aliyetumika miaka thelathini na mmoja awekwe mahali pa kuchagua kati ya heshima yake na mjukuu wake.

Najua watakaonipinga. Wa kwanza watasema, "Saa siyo kitu cha kutazamia wakati tu, ni ukumbusho." Ni kweli. Kama ni kutazama wakati, tangu kampuni ya Seiko ilipouza saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi mnamo Desemba 1969, saa ya bei ndogo yenye betri hushika wakati kuliko saa ya thamani. Saa ya Uswisi iliyopata cheti cha usahihi yaruhusiwa kukosea sekunde nne nyuma au sita mbele kwa siku. Ya kwatsi ya kawaida hukosea kama sekunde kumi na tano kwa mwezi mzima. Hivyo nakubali kwamba mnatoa ukumbusho. Lakini ukumbusho uliosimama wakumbusha nini? Babu akilifungua kopo lile hawakumbuki wanafunzi wake kwanza. Hukumbuka kwanza shilingi asizokuwa nazo.

Wa pili watasema, "Saa ya betri hutupwa, ya kamani hudumu vizazi." Hilo nalo ni kweli, na ndilo ninalolipenda katika saa zile. Fundi mwema aweza kuifungua saa ya miaka themanini na kuiendesha tena. Walakini hudumu kwa sababu watu wameilipia. Haidumu yenyewe.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la saa za mkono tu. Kule Zanzibar Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba ambalo mnara wake wenye saa ulionekana na kila chombo kilichoingia bandarini. Jumba likachakaa miaka mingi, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, sehemu yake kubwa ikaanguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Na hapa shuleni, ni nani kati yetu asiyeijua jenereta iliyo nyuma ya jiko? Ililetwa kwa hotuba na ngoma. Leo kuku hulala juu yake, kwa sababu hakuna aliyetoa hotuba kuhusu vipuri. Sisi tunapenda siku ya kutoa. Siku ya kutunza haina ngoma.

Basi nashauri mambo mawili. Kwanza, kama wakubwa wetu mnaona ni lazima saa iwe ya thamani, nunueni iliyo nafuu kidogo, na fedha zitakazosalia ziwekwe kwa mweka hazina wa chama kwa jina la Mwalimu. Mwandike katika daftari mwaka ambao saa itasafishwa, na mtu wa chama aje kuichukua mwenyewe, airudishe ikienda. Mwalimu asiombe. Mtu mzima aliyezoea kutoa hawezi kuomba, hata akifa.

Pili, kama chama hakiwezi kuahidi hivyo, msiogope kununua saa ya kawaida yenye betri na kuchora nyuma yake maneno yale yale. Betri fundi yeyote aweza kuibadilisha, naye Mwalimu atazilipa mwenyewe bila kuona haya. Thamani ya maneno yaliyochorwa haipungui kwa sababu chuma ni rahisi.

Na kwenu wenzangu wanafunzi, ambao hukata picha za saa katika magazeti na kuzibandika ndani ya masanduku yenu, nasema hivi: siku mtakapopata kazi, mkisimama mbele ya kioo cha duka, msiulize swali moja, ulizeni mawili. Yagharimu kiasi gani kuipata? Na yagharimu kiasi gani kuwa nayo? Asiyeweza kulijibu la pili, na aseme asante, aende zake. Si aibu.

Kabla ya kuandika haya nilimwuliza babu kama ananiruhusu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika, lakini usiwaaibishe. Walinipa kwa upendo." Ndivyo nilivyojitahidi kufanya. Hamkukosa upendo, wakubwa wetu. Mlisahau kuuwekea akiba. Mwalimu wa Jiografia bado yuko nasi hadi Desemba. Ipo nafasi ya kuimaliza hesabu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita,
Luzira