Uyole isiwe kituo cha shaba tu

Kwa mtu wa Ikuti, Uyole ni bondeni. Tukitoka Kiwira tunapanda, tunapita Isyonje katika ukungu na baridi, kisha gari linateremka Igawilo mpaka linafika Uyole breki zikinuka. Kwa treni ya TAZARA mambo ni kinyume. Katika kilomita zote 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, hapo Uyole ndipo reli inapofika juu kuliko popote, mita 1,789 kutoka usawa wa bahari. Behewa lililotoka pwani linamaliza kupanda mlangoni petu, nasi tunalipita tukiwa juu ya Fuso.

Reli hii ina historia ambayo sisi Wakatoliki tungepaswa kuipenda. Tarehe 26 Machi 1967 Papa Paulo VI alitoa waraka wa Populorum Progressio, akifundisha kwamba maendeleo ya kweli ni ya kila mtu na ya mtu mzima. Tarehe 5 Septemba mwaka huohuo Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing makubaliano ya kujenga reli ambayo Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikataa kuigharamia. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na makaburi yao yapo Gongo la Mboto. Walikufa Watanzania na Wazambia pia.

Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba wa kuifufua reli hiyo na kampuni ya CCECC ya China, kwa dola za Marekani bilioni 1.4. Tumefurahi. Ila kila tunaposikia mkataba huo ukizungumzwa tunasikia shaba: shaba ya Zambia, shaba ya Kongo, shaba bandarini. Viazi vya Rungwe havitajwi.

Maoni yetu ni kwamba Uyole pawepo ghala la mazao na mizani, na mabehewa yanayosimama kupakia. Mizani hasa. Mkulima wa kwetu anauza kwa lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba juu, ingawa sheria ya vipimo imekataza. Mnunuzi anakuja shambani na gari lake, anapanga ujazo na anapanga bei, na mama aliyelima kwa jembe la mkono anakubali kwa sababu barabara itaharibika mvua ikizidi. Tunasoma darasani habari za haki, kumpa kila mtu kilicho chake. Kilicho chake huyu mama kingeanza kujulikana siku gunia lake litakapopimwa kwa kilo mbele ya macho yake. Reli hutoza mzigo kwa uzito, haina haja ya kilemba.

Tena kuna damu. Mteremko wa Igawilo, Mlima Nyoka, Inyala, Iwambi: majina haya kila parokia ya Mbeya imeyasikia katika nia za Misa. Lori lililozidisha mzigo likikosa breki halichagui bajaji wala basi. Kila behewa la viazi ni malori kadhaa yanayopungua katika miteremko hiyo.

Huko Uswisi, juu ya njia ya mlima Bernina, kuna kituo cha treni kwenye mita 2,253 kinachoitwa Ospizio, yaani nyumba ya kupokea wasafiri. Kituo cha mlimani kilipewa jina la ukarimu. Cha kwetu kinapokea nani?

Wapo watakaosema treni ni ya polepole na ndizi zitaivia njiani. Kwa ndizi wana haki, ziendelee na Fuso kwanza. Viazi na mahindi vinaweza kusubiri siku mbili tatu. Na tusiiachie serikali yote: jumuiya ndogondogo zinajua nani amelima nini na atavuna lini. Zikikusanya hesabu ya magunia ya kata nzima ya Ikuti msimu huu, mwenyekiti wa parokia atakuwa na karatasi ya kupeleka TAZARA Mbeya.