Bakuli la Maua ya Buluu Darasani

Mwalimu mwanafunzi aendaye mazoezini katika shule za Same, mjini au milimani Upare, akibahatika kuazimwa bakuli kuukuu la Kiingereza lenye maua ya buluu, asianze kwa kusimulia. Watoto na walishike, wautafute mshono: mahali maua yasipokutana sawasawa. Siri imo humo. Maua hayo hayakuchorwa kwa mkono. Yalichongwa katika bamba la shaba, yakapigwa chapa kwa rangi ya kobalti juu ya karatasi nyembamba, nayo karatasi ikabandikwa juu ya chombo. Ufundi huo ulianza Uingereza katika miaka ya 1750, na viwanda vya Staffordshire vikautumia kutoa vyombo vya sura moja kwa maelfu.

Kisha aweke kando yake chungu, kilichofinyangwa na mama wa kijijini bila gurudumu wala bamba. Wengi wetu husahau hatua hii, na mtoto hurudi nyumbani akiamini kwamba ufundi wote ulikuja kwa meli, ilhali Wagweno waliyeyusha chuma na kuwauzia Wachagga. Awaulize: mbona hili hukaa kabatini, na hiki jikoni? Halafu anyamaze, awasikilize.