Frimasoni mnawaogopa bure

Kila nikipiga simu nyumbani naulizwa habari za Frimasoni wa huku Joburg: eti wanatoa kafara, eti kila mwenye gari zuri ni wao. Shangazi ndiye kinara! Leo nawajibu wote kwa pamoja: chama cha siri kilichoshika nchi hii kweli kweli kilikuwa kingine kabisa, na karatasi zake zimewekwa makabatini.

Mwezi uliopita nilipopata mapumziko nilikwenda Pretoria, kwenye Voortrekker Monument, lile jengo la mawe juu ya kilima lenye ukuta uliochongwa magari 64 ya kukokotwa na ng'ombe. Watalii wanapiga picha wanaondoka. Lakini pale pale kuna kituo cha kumbukumbu chenye maktaba, ndimo zinamotunzwa nyaraka za Broederbond, yaani umoja wa ndugu. Nilikwenda na dada wa kazini anayejua Kiafrikana, maana changu ni cha wodini tu: unaumwa wapi, umekula?

Jamani, msitegemee mafuvu. Ni mambo ya mihtasari na barua za kamati. Walianza hapa hapa Johannesburg mwaka 1918, vijana wa Kikaburu, baadhi makarani wa reli, waliochoka kudharauliwa na Waingereza. Baadaye wakajificha. Huombi kujiunga, unaalikwa, na uwe mwanamume, mzungu, msemaji wa Kiafrikana, Mprotestanti. Kuanzia 1948 mpaka 1994 wakuu wa serikali, tangu Malan hadi de Klerk, walikuwa wanachama. Nani awe mwalimu mkuu, nani apewe chuo, nani redio, mengi yalikuwa yameshazungumzwa na ndugu kabla ya kikao chenyewe. Jini hata mmoja hakuhitajika.

Mimi kama nesi nilikuwa nawaza sheria ya uuguzi ya 1957, enzi za Strijdom, naye mwanachama. Nesi mweusi alikatazwa kumsimamia nesi mzungu. Leo nashika zamu yenye manesi wa kila rangi, tena mimi mgeni, na wapo manesi wazee hapa waliostaafu bila kuionja nafasi hiyo.

Siri yao ilivujaje? Mwaka 1963 mchungaji Beyers Naudé, mwenzao, alimwonyesha rafiki yake karatasi za chama kwa sababu dhamiri ilimsuta. Zikafika gazeti la Sunday Times. Mwaka 1978 kikatoka kitabu chenye majina ya wanachama kwa maelfu. Sisemi karatasi ziliangusha ukaburu, waliendelea kutawala miaka mingi. Ila watu walijua sasa wanashindana na nani. Leo chama kinaitwa Afrikanerbond na hakijifichi tena.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia kijana ametuma hela kwa tapeli wa SMS ili "aingizwe Frimasoni". Huyo tapeli anaishi kwa hofu zetu. Na tukihangaika na kafara, hatuulizi nani alikaa na nani kabla tenda haijatangazwa.

Sasa kaka, turudi kwenye ile zahanati yetu. Mchango tuliotuma sisi wa nje tangu mwaka jana, kamati haijasoma mapato na matumizi mbele ya watu. Nenda kaombe mhtasari wa kikao, uupige picha kurasa zote, unitumie. Wakikwambia ni siri, niandikie nani kasema hivyo.