Haya si ya Binti Peke Yake



Mwezi huu twataka kusema jambo ambalo majumbani mwetu hunong'onwa tu, au halisemwi kabisa mpaka limekwisha kuharibika: habari ya binti anayebalighi, na mimba impatayo kabla ya wakati wake.

Na tuitazame desturi yetu ya pwani. Binti avunjapo ungo hutiwa ndani, akapewa somo wa kumfunza, na mengi afunzwayo ni namna ya kumridhisha mume. Habari za mwili wake mwenyewe na hatari za mimba haambiwi, ila maneno mawili: jihadhari na wanaume. Ndugu yake aliyebalighi mwaka ule ule arudi nyumbani saa tano za usiku, wala haulizwi alikokuwa. Basi huyu hujifunza kuwa heshima ya nyumba ni mzigo wa dada yake, na yule hujifunza kuwa mwili wake ni siri hata kwake mwenyewe.

Hii si dini; ni mila iliyovishwa kanzu ya dini. Katika Suratun Nur, Mwenyezi Mungu amewaamrisha kwanza wanaume kuinamisha macho na kujihifadhi, kisha ndipo akawaamrisha wanawake. Na adhabu ya zinaa katika sura hiyo hiyo ni moja kwa wote wawili. Bibi Khansaa bint Khidam aliposhtaki kwa Mtume (S.A.W.) kuwa baba yake amemwoza bila ya ridhaa yake, Mtume aliivunja ndoa ile.

Uchunguzi wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila wasichana 100 wa miaka 15 mpaka 19, kiasi cha 22 walikwisha kupata mimba. Hao si wa nje ya ndoa tu; wamo walioozwa mapema, wakatakiwa wazae upesi ili wahesabiwe wanawake kamili. Lakini mwili haujui harusi. Mama aliye mtoto hukabiliwa zaidi na kifafa cha mimba. Na ambaye nyonga zake hazijakomaa huweza kushikwa na uchungu siku nyingi, mtoto akafa, naye akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila ya kizuizi. Na mwenye kuogopa fimbo ya baba huificha mimba, akafika hospitali amechelewa.

Basi twawanasihi wazazi. Mama, zungumza na binti yako kabla hajavunja ungo, kwa maneno ya wazi yenye adabu. Baba, mketishe mwanao wa kiume umwambie kuwa haya ni faradhi juu yake pia, na kuwa mimba haina mzazi mmoja. Na msiba ukishatokea, msimfukuze binti. Dhambi ina mlango wa toba, na kiumbe kilichomo tumboni hakina kosa lolote. Tangu Novemba 2021 serikali ya Tanzania imeruhusu wasichana waliozaa kurejea skuli. Basi mlango uliofunguliwa na serikali usifungwe na baba.

Sote tu wachunga, na kila mchunga ataulizwa. Siku hiyo hatutaulizwa juu ya mabinti peke yao.

Mwenyezi Mungu atuongoze sisi na vizazi vyetu. Amin.