Nani Aliyejitakia?

Usiku wa tisa baada ya kukatwa sehemu ya tumbo, binamu yangu aliketi kwenye benchi la hospitali moja hapa Eldoret, amejikunja, mkono mmoja umeshika bega la kushoto. Wifi yake alikuwa kando, amepakata mkoba na funguo za gari. Muuguzi akamfunga mashine ya presha, akambana kidole kwa kile kidude chenye taa nyekundu, akaandika: mpigo wa moyo 126. Kisha akauliza yale anayomuuliza kila mtu. Kuna dawa inayokudhuru? Una kisukari? Ushawahi kufanyiwa operesheni?

"Hapana, sista."

Chini ya dera alikuwa na vidonda vitano vidogo, kila kimoja na plasta yake. Lakini wifi alikuwa pale, na wifi alijua kwamba ile safari ya Nairobi ilikuwa ya semina ya kazi. Daktari wa zamu alimbonyeza tumbo juu ya nguo, akasema ni vidonda vya tumbo, akaagiza sindano ya maumivu na pakiti ya vidonge, akamruhusu aende. Kulipokucha alifikishwa hospitali nyingine akiwa hawezi kuketi wima. Muuguzi wa huko, mama wa makamo, alimwomba wifi asubiri nje ya pazia kabla hajauliza lolote. Ndipo ukweli ukatoka. Mshono wa tumbo ulikuwa umeachia mahali padogo mno, na kila alichokunywa kilikuwa kinavujia ndani.

Amepona, baada ya wiki tano wodini na mrija wa kutolea usaha ubavuni. Naandika haya kwa ruhusa yake na kwa hasira yangu mwenyewe.

Daktari yule ana lake la kujibu. Tumbo la mgonjwa halipimwi juu ya dera. Lakini hasira yangu kubwa ni kwa neno ambalo sisi tusio madaktari tunalitamka kama salamu: alijitakia. Tunaamini kwamba anayekwenda kupunguzwa unene kwa kisu amekimbia jasho, kwa hiyo likimpata la kumpata, ni malipo. Imani hiyo ndiyo iliyomjibia binamu yangu pale kwenye benchi. Yeye alifungua mdomo tu.

Niliiona ikifanya kazi kwenye kikundi cha WhatsApp cha mchango. Siku mbili za kwanza, habari ilipokuwa "utumbo umetoboka", pesa ziliingia vizuri, mia tano huku, elfu mbili kule, na maombi marefu ya mashemasi. Siku ya tatu mtu akapenyeza kwamba ilikuwa operesheni ya kupunguza mwili. Mchango ukakauka kama bomba la mtaa wa Langas mwezi wa Januari. Mjomba mmoja akaandika kwamba watu wanachangia karo, wengine wanachangiwa kitambi. Jioni hiyo wawili wakatoka kikundini bila kwaheri.

Mwezi huohuo, kikundi kilekile kilikuwa kimemchangia kijana aliyeanguka na pikipiki akiwa hana helmeti, usiku, akitoka kunywa. Hakuna aliyesema alijitakia. Wala mwanariadha akikatika mshipa wa kisigino kwa kufanya mazoezi kupita kiasi, hatumuulizi nani alimtuma akimbie. Tunamwombea apone kabla ya msimu. Tuna huruma tele kwa mwili uliovunjika ukifanya tunachokisifu, na hatuna hata chembe kwa mwili uliovunjika ukitafuta nafuu.

Eldoret ndio tumezidi. Tumezungukwa na watu wembamba. Pita barabara ya Kaptagat alfajiri, au panda hadi Iten, upishane na vikosi vya vijana wanaokimbia kana kwamba mbele kuna anayegawa mashamba. Eliud Kipchoge hutuinamisha vichwa kwa nidhamu yake. Tukajiaminisha kwamba wembamba ni tabia njema na unene ni uvivu, na dawa ya kila kilo ni "si akimbie tu?" Tangu Agosti 2024 tunaitwa jiji, lakini kwa jambo hili bado sisi ni kijiji.

Basi tuliangalie hilo la kukimbia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49, 45 wana uzito uliozidi. Je, karibu nusu ya mama zetu, dada zetu na walimu wa Shule ya Jumapili wamekuwa wavivu kwa mpigo? Mwili ulionenepa sana haukai kimya ukinyimwa chakula. Unaongeza homoni ya njaa, unapunguza nguvu unazotumia, unapigania kilo zake kama mtu anayetetea shamba la babu. Ndiyo maana wengi wanaopungua sana kwa kujinyima pekee huzirudisha kilo, wengine hata kwa nyongeza. Kukimbia kuna faida zake nyingi kwa moyo na kwa akili, lakini mwambie mwenye kilo 130 na magoti yaliyolika akimbie kutoka Annex hadi mjini, kisha umsubiri kwa Brufen.

Operesheni aliyofanyiwa binamu yangu huondoa takriban robo tatu ya tumbo au zaidi, na kuacha mrija wenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi ile homoni ya njaa. Hili si pambo. Nchini Sweden, wachunguzi waliwafuatilia watu zaidi ya 4,000 kuanzia 1987. Waliofanyiwa upasuaji walikufa wachache zaidi kuliko wenzao wa uzito kama wao ambao hawakufanyiwa. Mwongozo wa madaktari wa kimataifa wa 2022 unakubali upasuaji hata kwa mwanamke wa sentimita 160 aliyefika kilo 90. Nenda ibada yoyote ya Jumapili uhesabu, ila uhesabu kimoyomoyo.

Najua kuna kufyonza mafuta, ambako ni jambo jingine kabisa: hakuponyi kisukari wala presha, ni kuchonga umbo. Tunavichanganya makusudi ili tuvikejeli pamoja. Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki Nairobi siku chache baada ya kufyonzwa mafuta, na baraza la madaktari, KMPDC, likaifunga kliniki aliyohudumiwa. Nikiwa kwenye matatu nilimsikia abiria akisema, huku akimenya chungwa, "Si angekaa na mwili wake tu?" Haya, tuseme alitaka urembo. Tangu lini kutaka kupendeza kukawa kosa la kunyongwa? Swali lililostahili kuulizwa kwenye matatu ile ni la usalama: nani alimpasua, nani alimwangalia baadaye, na alipolalamika maumivu, nani alimsikiliza.

Maana ukaguzi wa usalama, tukiuvua koti jeupe, ni maswali tu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi moja yenye mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti kabla, katikati na baada ya upasuaji: jina la mgonjwa, sehemu inayopasuliwa, dawa zinazomdhuru, hata idadi ya vitambaa na sindano. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmoja kati ya hiyo haukuwa London wala Toronto bali Ifakara, kule Tanzania. Matokeo yalipochapishwa 2009, vifo vilikuwa vimeshuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100, na madhara kutoka 11 hadi 7. Hapa kwetu, mwaka 2018, tulipata somo la upande wa pili. Katika Hospitali ya Kenyatta mgonjwa alifunguliwa kichwa kwa makosa. Madaktari wakatafuta damu iliyoganda wasiione, kwa sababu mwenye damu hiyo alikuwa mwingine. Swali dogo kuliko yote, "wewe ni nani?", lilikuwa limejibiwa vibaya.

Sasa mtu aliyefundishwa aibu anafika kwenye dawati la usiku. Karatasi ipo, kalamu ipo, muuguzi anauliza kama alivyofunzwa. Jibu ni uongo. Ukaguzi wote umekufa papo hapo, na hakuna mashine itakayoufufua. Uvujaji wa mshono humpata kama mtu mmoja kati ya 100 waliokatwa hivyo, mara nyingi katika siku na wiki za mwanzo, yaani akiwa tayari ameruhusiwa kurudi nyumbani. Kwa daktari anayejua, moyo unaopiga zaidi ya mara 120 kwa dakika kwa mtu wa namna hiyo ni king'ora kinacholia hata kabla ya homa, na maumivu ya bega la kushoto ni ushahidi wa pili. Kwa daktari asiyejua, ni mama mwenye wasiwasi na gesi. Namba ni ileile, 126.

Na wengi wetu wa huku Bonde la Ufa tunapasuliwa mbali: Nairobi, India, Uturuki. Mshono ukiachia, aliyeushona yuko kilomita 300 kutoka hapa, ng'ambo ya Timboroa, Nakuru na malori ya Salgaa, au ng'ambo ya bahari. Atakayekuokoa ni mgeni wa zamu ambaye hajui lolote kukuhusu isipokuwa utakalomwambia.

Hatari haiishii wiki ya pili, na hapa ndipo nawalaumu wakwe na mashemeji kuliko madaktari. Mwenye tumbo la ukubwa wa ndizi hupewa masharti ya maisha: vitamini kila siku, damu kupimwa baada ya miezi 3, 6, 12, kisha kila mwaka, dawa za kisukari kupangwa upya ili sukari isishuke mno, ajihadhari na Brufen na Diclofenac, ambazo huchimba vidonda, hasa kwa waliofanyiwa operesheni ile nyingine ya kuunganisha tumbo na utumbo, asishike mimba kwa mwaka mmoja au mwaka na nusu. Anayetapika mfululizo anaweza kuishiwa vitamini B1 ndani ya wiki chache tu, akaanza kuona mambo mawilimawili, akapepesuka, akachanganyikiwa, na ubongo usirudi ulivyokuwa. Kila sharti hapo linahitaji nyumba inayojua.

Lakini nyumba haijui. Mgonjwa anaenda ukweni, anawekewa mlima wa ugali na kibuyu cha maziwa ya mursik, na kukataa ni kutukana. Anakula hadi kooni, anakwenda kutapikia nyuma ya boma, anarudi akitabasamu. Kanisani kunatangazwa mfungo wa siku tatu bila maji. Mtu ambaye lazima anywe maji kidogokidogo kutwa nzima anafunga, kwa sababu akiuliza kama anaweza kusamehewa, ataulizwa ana nini. Akianza kupepesuka, jirani ananong'ona kuhusu virusi au kurogwa. Binamu yangu aliulizwa yote mawili, tena na mtu mmoja.

Kuna wanaofaidika na kimya hiki, nao si wagonjwa. Ni wale wauzaji wa miujiza wanaobandika picha mbili, kabla na baada, na bei ya ofa ya mwezi. Mteja mwenye aibu ndiye mteja bora kwao. Hashtaki, hasimulii, harudi kudai. Akiharibika anaharibikia mbali, kwenye wodi ya hospitali nyingine, na hesabu yake haiandikwi kwao. Mpira wa kuwekwa tumboni, kwa mfano, ile aina inayokaa miezi sita, lazima utolewe muda ukifika, la sivyo unaweza kunywea, ukateremka na kuziba utumbo. Nani atamkumbusha mama aliyewekewa kwa siri? Mumewe anadhani ni chai ya tangawizi iliyompunguza.

Sisemi kila anayetaka apasuliwe. Kabla ya kisu, mjadala na uwe mkali: daktari aulizwe cheti chake, KMPDC iangaliwe kama ina jina lake, mgonjwa aulizwe kama ataweza vitamini za maisha, na kliniki iulizwe simu ya saa nane usiku itapokelewa na nani. Anayeshindwa kulijibu hilo la simu, mkimbie kwa kasi ya Kaptagat. Lakini kisu kikishapita, mjadala wa nani alitaka nini umefungwa. Kilichobaki ni mtu mwenye mshono.

Binamu yangu siku hizi anatembea na karatasi nyuma ya kifuniko cha simu: aina ya operesheni, tarehe, dawa asizopaswa kupewa, namba ya daktari. Ni mwalimu, kwa hiyo ameipiga mistari kwa rula. Wifi yake ana nakala. Walikosana miezi minne, si kwa sababu ya tumbo bali kwa sababu ya ile semina.

Mwezi jana nilimsindikiza kliniki ya kupima damu. Foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi akamuuliza, mbele ya watu wote, kama ameshawahi kufanyiwa operesheni. Akajibu kwa sauti ya darasani kwamba ndiyo, amekatwa tumbo, limebaki hivi, akaonyesha kwa vidole urefu wa ndizi. Benchi zima likageuka. Mzee mmoja mwenye fimbo, aliyekuwa anasinzia karibu yake, akavitazama vile vidole kwa muda, kisha akainama na kumuuliza polepole:

"Sasa mama, ugali unakula kiasi gani?"