"Mtandao Unasumbua": Uliza Ni Upi Kabla ya Kulipia Spidi

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tisa na nusu alasiri. Mhasibu amemaliza orodha ya mishahara na kuihifadhi kwenye folda ya pamoja. Meneja, ambaye ndiye anayeidhinisha malipo, anajaribu kuifungua kutoka mezani kwake. Kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Nje, vibarua wanangoja simu zao zilie. Mwishowe mhasibu anachoka: "Bosi, wacha nikutumie kwa WhatsApp." Anachagua faili haraka haraka na kuituma. Meneja anaipakia kwenye mfumo wa malipo, anaidhinisha, na pesa zinaondoka. Dakika kumi baadaye mtu anagundua kwamba iliyotumwa ni orodha ya mwezi uliopita. Ndani yake kuna watu wawili walioshaacha kazi.

Sisi tunaoshughulika na malipo tunaletewa visa vya namna hii. Mteja anauliza kama pesa zitarudi. Wakati mwingine zinarudi, lakini mpokeaji akishazitoa kwa wakala, hiyo huwa safari ndefu ya simu na kubembelezana. Ukimuuliza mteja chanzo kilikuwa nini, jibu karibu siku zote ni lile lile: "Mtandao ulikuwa unasumbua."

Leo tunataka kusema jambo ambalo huenda muuzaji wako wa intaneti hatalipenda. Faili zikichelewa kufunguka ndani ya ofisi, mara nyingi tatizo si intaneti. Kuongeza kifurushi hakutasaidia. Kagua kwanza vitu vyako vya ndani, kwa sababu vingi vinatengenezeka kwa shilingi mia chache au bila hata senti moja.

Neno moja, vitu vitatu

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Tukisema "mtandao" tunaweza kumaanisha vitu vitatu tofauti.

Wa kwanza ni mtandao wa simu. Unapotuma pesa kwa menyu ya laini yako, ujumbe unapita kwenye minara ya simu. Wi-Fi ya ofisi haihusiki hapo kabisa.

Wa pili ni intaneti, ile unayolipia kila mwezi. Inakuunganisha na dunia ya nje: barua pepe, tovuti, mfumo wa malipo unaoufungua kwenye kompyuta.

Wa tatu ni mtandao wa ndani ya ofisi: kebo, rauta, swichi na Wi-Fi zinazounganisha kompyuta yako na ya jirani yako, pamoja na printa. Faili ikitoka kwenye kompyuta ya mhasibu kwenda kwa meneja kupitia folda ya pamoja, inapita humu humu ndani. Haiendi nje na kurudi.

Unataka kuhakikisha? Waarifu wenzako, kisha chomoa kwa dakika mbili waya unaoleta intaneti kwenye rauta. Acha rauta ikiwa imewaka. Tovuti zitakataa kufunguka, lakini folda ya pamoja itafunguka kama kawaida. Na kama ilikuwa inajikokota kabla, itaendelea kujikokota. Basi ukilipia kifurushi kikubwa zaidi hapo, umepanua barabara iliyo nje ya geti huku mlango wa chumba chako ndio uliokwama.

Pima kabla ya kununua

Chukua faili moja kubwa, kwa mfano video ya karibu GB 1. Ikopi kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia folda ya pamoja, ukiangalia saa. Kebo na vifaa vya gigabiti vikiwa vizima, inamalizika kwa takriban sekunde 10, mradi diski pia ni nzuri. Ikichukua kama dakika moja na nusu, kuna mahali pamebanwa kwenye spidi ya Mbps 100. Ikizidi hapo sana, shuku Wi-Fi dhaifu, kebo mbovu au kompyuta iliyochoka.

Hapa kuna hesabu ndogo inayowachanganya watu wengi. Spidi ya mtandao huandikwa kwa "b" ndogo, yaani biti. Ukubwa wa faili huandikwa kwa "B" kubwa, yaani baiti, na baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo Mbps 100 si MB 100 kwa sekunde. Ni 12.5 tu, na kwa kazi halisi hupungua kidogo, kama 11. Usigombane na fundi kabla ya kugawanya kwa 8.

Tafuta kuanzia kwa kilicho rahisi

*Kebo.* Tunaanza hapa kwa sababu sisi wenyewe tuliumbuka. Ofisini kwetu kulikuwa na kompyuta moja iliyolalamikiwa wiki kadhaa. Tulibadilisha programu na kuiwasha upya mara nyingi, na mtu mmoja akapendekeza tununue nyingine. Kumbe mguu wa meza ulikuwa umeikalia kebo. Spidi ya gigabiti inahitaji nyaya zote 8 zilizomo ndani ya kebo. Ya Mbps 100 inatosheka na 4. Waya mmoja ukikatika, kompyuta inaweza kushuka hadi Mbps 100 kimya kimya, bila kukuonyesha kosa lolote. Kwenye Windows, nenda kwenye Settings, sehemu ya mtandao, ufungue Ethernet na usome spidi ya muunganisho. Ukiona 100 mahali ulipotarajia 1000, badilisha kebo kwanza. Tafuta iliyoandikwa Cat5e au Cat6, na isizidi mita 100.

*Rauta na swichi.* Rauta nyingi za bei nafuu, hata zile unazopewa na mtoa huduma, zina matundu ya Mbps 100 pekee. Kompyuta zako zikiwa za kisasa namna gani, zikipitia hapo zitabanwa. Dawa yake si lazima iwe rauta mpya. Swichi ndogo ya gigabiti huuzwa shilingi elfu chache. Chomeka kompyuta zote kwenye swichi, kisha waya mmoja utoke kwenye swichi kwenda kwenye rauta.

*Wi-Fi.* Hewa ni ya wote. Kompyuta mbili zikiwa zote kwenye Wi-Fi, faili inasafiri hewani mara mbili: kutoka ya kwanza hadi rauta, halafu kutoka rauta hadi ya pili. Ongeza simu za wafanyakazi, za wateja, na maikrowevu ya jikoni inayovuruga mawimbi ya GHz 2.4. Ukiwa karibu na rauta tumia GHz 5, ni ya kasi zaidi ingawa haifiki mbali wala haipendi kuta. Lakini ile kompyuta inayohifadhi faili za wote, tafadhali, iwekee kebo. Hiyo peke yake huleta nafuu kubwa.

*Kompyuta inayohifadhi faili.* Huenda njia ni safi na mzigo uko mwishoni. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha fungua sehemu ya Performance. Kama diski imeganda kwenye asilimia 100 kila mtu anapofungua folda, usilaumu kebo tena. Diski za zamani zinazozunguka huchoka upesi watu wengi wakizitaka kwa wakati mmoja. Diski ya SSD hubadilisha maisha. Angalia pia kama programu ya kuzuia virusi imepangiwa kukagua kompyuta nzima mchana. Ihamishie usiku, usiizime.

*Faili ndogo nyingi.* Picha 5,000 za risiti huchukua muda mrefu kuliko video moja yenye uzito sawa na zote. Kila faili ina salamu zake: kufunguliwa, kukaguliwa ruhusa, kuandikwa, kufungwa. Zifunge zote kwenye faili moja ya zip, kisha ndipo uzihamishe.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, halafu pima tena kwa ile ile video. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mambo yakanyooka, hutajua ni kipi kilichokuokoa. Na kesho utalipia vyote vitatu tena.

"Si tuhamie tu mawinguni?"

Swali zuri, na hatulipuuzi. Ukihifadhi faili kwenye huduma kama Google Drive au OneDrive, unaweza kuzifungua popote, na kompyuta ya ofisi ikiibwa faili bado zipo. Kwa biashara nyingi ndogo hilo ni jambo la maana. Lakini hapo ndipo sasa faili zinatoka nje na kurudi, na spidi ya intaneti inakuwa na kazi. Ukichagua njia hiyo, muulize mtoa huduma spidi ya kupakia, si ya kupakua peke yake, kwa maana kwenye vifurushi vingi ya kupakia huwa ndogo zaidi. Ndiyo, kuna wakati wa kununua spidi. Tunachosema ni kwamba nunua ukijua inaenda kutibu nini.

Njia za mkato zinazogharimu

Kuna "dawa" ambazo zinaonekana kufanya kazi, na hizo ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi.

Kuna fundi anayeondoa nywila kwenye folda na kumpa kila mtu ruhusa ya kila kitu, "ili ifunguke haraka." Haifunguki haraka. Kilichobadilika ni kwamba sasa mgeni aliyepewa Wi-Fi akingoja huduma anaweza kufungua orodha yako ya mishahara. Orodha hiyo ina majina, nambari za simu na za vitambulisho. Hizo ni data za kibinafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka wewe uliyezikusanya uzilinde.

Mwingine anarudisha SMB1, mfumo wa zamani wa kushiriki faili kwenye Windows, ili printa au kompyuta kuukuu ionekane. Mei 2017, programu haribifu ya WannaCry ilitumia mwanya kwenye mfumo huo huo na kufunga faili za kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza, kisha ikadai fidia. Microsoft ilikuwa imeshatoa marekebisho miezi miwili kabla, Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuwa wameyaweka. Kama kifaa chako hakiwezi kufanya kazi bila SMB1, umri wake wa kustaafu umefika.

Halafu kuna ile njia ya mkato tuliyoanza nayo: flashi na WhatsApp. Tunaielewa, maana watu wako nje wanangoja. Lakini kila unapotuma nakala, umezaa faili nyingine. Wiki mbili baadaye kuna "mishahara", "mishahara mpya" na "mishahara mpya ya mwisho kabisa", na hakuna anayejua ipi ndiyo ya kweli.

Wiki hii, kabla ya mwisho wa mwezi

Fanyeni jaribio la video siku ya kawaida, si Ijumaa ya malipo. Chagueni folda moja tu ya faili za malipo, yenye nywila, inayofunguliwa na anayetayarisha na anayeidhinisha. Andikeni tarehe kwenye jina la faili, mwaka ukianza, kwa mfano mishahara-2025-06-27, ili zijipange zenyewe. Na kabla ya kuidhinisha, anayeidhinisha asome vitu vitatu: tarehe, idadi ya watu na jumla ya pesa. Alinganishe na alivyoambiwa kwa mdomo na mwenzake. Ni sekunde 20.

Mashine ikiganda hata hivyo, ngojeni. Ni afadhali mshahara uliochelewa nusu saa na kufika kwa mwenyewe, kuliko ule uliofika mapema kwa mtu mwingine. Waelezeni walio nje ukweli. Wengi wataelewa.

Na siku mtu akija ofisini kwako akasema "mtandao unasumbua", usikimbilie kulipia kifurushi. Muulize kwanza: ni upi? Halafu inama uangalie chini ya meza.