Diana Mikononi mwa Mtazamaji

Mwaka 1636 Mfalme Philip IV wa Hispania alimwagiza Rubens picha zaidi ya 60, nyingi zikiwa za visasili vya Wagiriki na Warumi, za kupamba Torre de la Parada, nyumba yake ya uwindaji karibu na Madrid. Picha za aina hiyo ndizo zilizojaa vitabuni mwetu kila inapotajwa sanaa ya Baroki. Chapa za shaba za karne hiyohiyo husukumwa pembeni, kana kwamba zilikuwa nakala tu za wasio na kasri. Toleo hili linaupinga mtazamo huo.

Nakala zilikuwepo, hilo halina ubishi. Rubens mwenyewe aliwatumia mafundi kama Lucas Vorsterman kuzihamishia picha zake kwenye shaba. Lakini hebu mtazame Diana wa Rembrandt, wa yapata mwaka 1631. Rembrandt alilipaka bamba nta, akachora kwa sindano, kisha akaiachia tindikali ile shaba pale sindano ilipopita. Karatasi yenyewe haifiki sentimita 18 kwa urefu. Diana ameketi ukingoni mwa maji, tumbo limelegea, ngozi ina mikunjo. Kama si podo la mishale lililo kando yake, usingejua kuwa ni mungu wa kike wa uwindaji. Na amegeuza kichwa, anakutazama wewe.

Hapo ndipo kisasili kinapobadilika. Aktaioni, mwindaji aliyemwona Diana akioga, aligeuzwa paa dume akararuliwa na mbwa wake mwenyewe. Rembrandt hakumchora. Nafasi yake ameichukua aliyeishika karatasi, aliyeisogeza karibu na macho ili aone vizuri zaidi. Picha ya ukutani, inayotazamwa kwa mbali na watu wengi kwa pamoja, haiwezi kumnasa mtu namna hiyo.

Wapo waliokasirika. Mwaka 1681, Rembrandt akiwa amekwisha kufa, mshairi Andries Pels alimlaumu kwa kuchora wanawake uchi wenye sura ya wafua nguo, na alama za mikanda ya soksi miguuni, badala ya Venus wa Kigiriki. Sisi tunaona kwamba alama hizo ndizo hoja yenyewe ya Rembrandt: miungu ina miili kama yetu.

Kwa hiyo tumewaomba waandishi wetu waanzie kwenye bamba: nani alilichora, nani alilimiliki, na lilichapwa mara ngapi hata mistari yake ikafifia.